Kibodi ya vipande viwili, yenye taa, niliyoiunga mwenyewe hapa Mbeya kwa laki na 30

Kilianza kuuma kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Nina steshenari Mwanjelwa, huu mwaka wa 6, nachapa toka saa 2 asubuhi mpaka jua linazama, nikifika nyumbani Uyole naendelea na zile za haraka, barua za maombi ya kazi, mikataba ya kukodi mashamba ya mpunga Mbarali, mitihani ya shule, mihtasari ya vikoba, na wanachuo wakianza kukusanya risechi ndio usiseme, mtu anakuletea kurasa 80 za mwandiko wa mkono Alhamisi anazitaka Jumatatu. Mwaka juzi mwezi wa 7, ile baridi yetu ya asubuhi ambayo hata mlima Loleza huuoni kwa ukungu, nikaanza kusikia kidole kinawaka moto, moto unapanda kwenye kiganja mpaka kwenye kiwiko. Daktari akaniambia pumzisha mikono. Sasa mimi nikipumzisha mikono nyumbani tunakula nini?

Nikawa najiuliza kwanini kidole kile na sio kingine. Jibu nilikuja kulipata kwenye karatasi niliyokuwa nachapa siku hiyo, tangazo la shule, linaanza hivi: "Wanafunzi wa darasa la saba wanatakiwa kufika mapema." Hesabu herufi zote hapo, ziko 45. Hesabu A peke yake, ziko 16. Kumi na sita! Na A kwenye kibodi ya kawaida inabonyezwa na kidole kidogo cha kushoto, kidole kinyonge kuliko vyote, ambacho pia kimepewa Shift na Tab na Ctrl. Waliopanga hizi herufi kule Marekani miaka ya 1870 walikuwa wanatengeneza taipureta za Kiingereza, na Kiingereza herufi inayojirudia kuliko zote ni E. Kiswahili chetu kimejaa A mwanzo, katikati na mwisho, kwahiyo sisi tunaochapa Kiswahili siku nzima kidole hicho kinabeba mzigo ambao hakuna aliyeufikiria.

Alafu kuna suala la viganja. Weka mikono yako kwenye kibodi ya kawaida uangalie, mabega yako mapana, kibodi nyembamba, kwahiyo mikono inakuja ndani kwa mshazari na viganja inabidi uvipinde kwenda nje ili vidole vikae sawa. Ukikaa hivyo nusu saa hamna shida. Ukikaa hivyo masaa 10 kila siku miaka 6, unaona. Dawa yake ni kuikata kibodi katikati, kila nusu ikae mbele ya bega lake, na uiinue kidogo upande wa ndani ili kiganja kisilale kifudifudi kabisa. Hii sio habari ya jana. Miaka ya 1970 huko Uingereza kulikuwa na mama mmoja anaitwa Lillian Malt, kazi yake kufundisha wachapaji, akashirikiana na Stephen Hobday wakaunda kibodi inaitwa Maltron, herufi zimegawanywa makundi mawili yameachana, na kwenye mpangilio wao wa herufi E wakaipeleka kwenye dole gumba la kushoto. Niliposoma hiyo nilisimama nikazunguka chumba kizima. Yani kama wao walimpa dole gumba E kwasababu ya Kiingereza chao, mimi dole gumba langu nalipa A.

Kununua iliyo tayari nikaona haiwezekani, nyingi nilizoziona ni dola 200 na kuendelea, bado usafiri, bado kodi. Lakini watu wanajiundia, michoro imewekwa bure mtandaoni, iko inaitwa Corne ina batani 42, iko Lily58 ina 58. Mi nikachukua umbo linalofanana na la Lily58, kila upande batani 29, mistari 4 ya batani 6 na 5 za madole gumba. Na batani zinapangwa kwa kufuata urefu wa vidole, kidole cha kati mstari wake uko juu kidogo, kidole kidogo mstari wake umeshuka. Ile mikao ya kwenda upande unayoiona kwenye kibodi ya dukani ni urithi wa taipureta, vyuma vya ndani vilihitaji kupishana. Kompyuta haina vyuma, ila tumeendelea nayo hivyo hivyo.

Sasa vifaa. Hapa ndio palipookoa hela, kwahiyo naeleza vizuri.

Swichi nzuri za kibodi, yani kile kidude kinachokaa chini ya kila batani, ukinunua moja moja ni hela, na mimi nilihitaji 58. Kuna kijana fundi simu jirani na duka langu, siku moja naenda kumuazima multimita, kile kipimo cha umeme, nikaona pembeni kibodi ya gemu, ile nene inayowaka taa, mtu alimwagia chai ikafa akaitelekeza. Nikamuuliza kaka hii unauza? Akasema dada hiyo imekufa haina kazi, nipe 25,000. Nikatoa pale pale kabla hajabadili mawazo. Maana kibodi ya hivyo ikifa kinachokufa mara nyingi ni ubao na chipu, swichi zenyewe ni kidude kimoja kimoja kinachojitegemea, ziko 104, na kila swichi ina taa yake ndogo ya LED ya milimita 3, nyeupe, na kofia zake za batani zina herufi zinazopitisha mwanga. Yani swichi, taa na kofia vyote kwa 25,000 na bado akiba ya kuharibu.

Kuzichomoa zilinichukua siku 4 za jioni. Unapasha risasi, ile iliyogandisha miguu ya swichi kwenye ubao, kwa solda, kile chuma cha moto, unaivuta na pampu ya kunyonyea, mguu mmoja, mguu wa pili, alafu miguu miwili ya taa, swichi moja ina sehemu 4 za kuyeyusha. Kosa nililofanya mwanzo ni kung'ang'ania, risasi ikigoma kuyeyuka nabonyeza solda pale pale sekunde 10, mpaka plastiki ya swichi inalegea na mguu unacheza kama jino bovu. Niliua 7 hivyo. Yule kijana akaniangalia akasema dada ongeza risasi mpya kwanza ndio uvute ya zamani. Nilishangaa, unataka kuitoa risasi alafu unaiongeza? Lakini kweli, risasi mpya inachanganyika na ya zamani inashika joto haraka, sekunde 2 au 3 imelainika yote, pampu moja, tap, swichi inatoka yenyewe. Baada ya hapo sikuua nyingine. Swichi zilizokuwa chini ya ile chai nilizibonyeza moja moja huku multimita inapima, zilizokuwa zinasita nikaziweka pembeni.

Ubao wa kuzishikilia nikakatiwa na jamaa wanaotengeneza mabango, wana mashine ya leza, wakatumia vipande vilivyobaki vya akriliki nyeupe ya milimita 3. Tundu la swichi ni milimita 14 kwa 14, na kutoka katikati ya batani moja mpaka nyingine ni milimita 19.05, hivyo vipimo ni vya kawaida vya swichi hizi. Nikachora 14 kamili. Zikatoka swichi zinatumbukia, kwasababu leza nayo inakula plastiki kidogo pande zote, ile mistari ina unene wake. Ikabidi nichore upya 13.8 nikalipa tena, 15,000 mara mbili. Ukienda kukata, kata tundu moja kwanza kwenye kipande cha kutupa ujaribu swichi yako, usiwe kama mimi wa kukata zote 58 kwa imani. Na akriliki ya milimita 3 ni nene, swichi hizi zimeumbwa zing'ate bati la milimita 1.5, kwahiyo vile vimeno vyake havikamati, nimezishika kwa tone la gundi ya moto kila kona kwa chini. Zimekaa, hazitikisiki.

Boksi la chini ni mbao ya paini, zile zinazotoka Mufindi, seremala alinichongea fremu mbili kwa 10,000 na akazichonga upande wa ndani uwe juu kuliko wa nje kama nilivyomuomba. Alinipigia msasa mpaka ukipitisha mkono ni kama ngozi. Nimepaka vanishi mara 2.

Ubongo wa kibodi ni Raspberry Pi Pico mbili, vibao vidogo vyenye chipu unayoiwekea programu, kila nusu na yake, niliagiza Kariakoo zikaja na basi, 22,000 moja. Pico ina pini 26, sehemu za kuungia waya, unazoweza kutumia, na mimi kila upande nina batani 29, sasa hata ukitaka kupeleka waya kutoka kila batani hazitoshi. Kwahiyo unasuka wavu. Mistari 5 ya kulala na 6 ya kusimama, jumla pini 11 tu, kila batani inakaa pale mistari miwili inapokutana, na Pico inaizungukia mistari hiyo mmoja mmoja kwa kasi kubwa inauliza hapa kuna mtu? hapa kuna mtu? Kila swichi inapewa dayodi moja ndogo ya 1N4148, ile ya kioo chekundu yenye mstari mweusi, ili umeme upite njia moja. Bila dayodi ukibonyeza batani 3 fulani kwa pamoja kompyuta inaweza kuona ya 4 ambayo hujaigusa. Mimi ile mistari nyeusi yote nimeielekeza kwenye mstari wa kulala. Moja niliigeuza, ilikuwa ya K, na batani ikawa bubu kabisa, nikaitafuta siku nzima mpaka nilipokuja kuangalia kwa tochi ya simu nikaona mstari mweusi uko upande wa swichi. Ukiona batani moja tu imekufa na wenzake wazima anzia kwenye dayodi.

Sasa taa, ambazo kuna watu waliniambia ni mapambo. Kwangu sio mapambo. Umeme ukikatika saa 3 usiku laptopu yangu bado ina chaji ya masaa mawili na risechi ya mtu inasubiri, nimewahi kuchapa huku nimeng'ata tochi mdomoni, nimewahi kuchapa na mshumaa nta ikadondokea kwenye batani ya Enter. Na kwa kibodi ngeni ambayo A haiko mahali pake, miezi ya kwanza lazima uone.

Hesabu yake ni hii. LED nyeupe inakula kama volti 3, USB inatoa 5, zinazobaki 2 lazima zizuiwe na rezista. Niliweka rezista ya ohm 1,000 kwa kila taa, inapita miliampu 2 hivi, taa 29 ni miliampu 58 kwa upande mmoja, pande zote mbili 116. USB ya kawaida inakupa mpaka 500 kwahiyo uko salama sana na laptopu hailalamiki. Watu wengi mtandaoni wanatumia rezista ndogo zaidi ili ziwake kali, usiku kwenye giza ukali huo unaumiza macho, miliampu 2 zinatosha kabisa kusoma herufi. Pini ya Pico haiwezi kubeba miliampu 58 peke yake, kwahiyo katikati unaweka transista, mimi 2N2222, pini inaiamuru transista kupitia rezista nyingine ya 1,000 na transista ndio inafungua umeme wa taa zote. Pini ikiwasha na kuzima haraka haraka jicho linaona mwanga umepungua au umeongezeka, ndivyo unavyopata hatua za mwanga.

Taa za kuchomolewa miguu yake imeshakatwa huwezi kujua upi mrefu, upande wa chanya unaupata kwa multimita, weka alama ya dayodi, gusa miguu, ukipatia taa inawaka kidogo. Nilikaa na meza imejaa nyota ndogo ndogo, mwanangu mdogo akagoma kwenda kulala. Na swichi ina upande, tundu la taa linatakiwa liwe juu, kwasababu kofia za kibodi za gemu herufi yake imechorwa juu. Mstari mzima wa kidole cha kati mkono wa kulia niliupachika kichwa chini, nikawasha, herufi zote zinang'aa ila I na K na 8 ni kiza, mwanga unatokea chini ya kofia. Nikafumua gundi nikarudia.

Kilichonitia hasara kweli ni waya wa kuunganisha nusu mbili. Michoro mingi inatumia jeki ya duara kama ya headphone yenye mistari 4, nikafuata. Siku ya tatu kibodi iko kwenye kompyuta inafanya kazi vizuri, mtoto akapita akavuta ule waya ukachomoka, akaurudisha mwenyewe kwa kunisaidia, na nusu ya kulia ikakata mawasiliano. Jeki ya namna ile ikichomekwa inateleza, ncha zake zinagusana na sehemu zisizo zake kwa sekunde, volti 5 zikaingia kwenye pini ya mawasiliano, na Pico pini zake ni za volti 3.3. Pini ikaungua. Nilikaa chini nikalia kidogo, sisemi uongo. Bahati Pico yenyewe ilikuwa nzima, nikahamishia waya pini ya jirani, nikabadili kwenye programu, ikarudi. Ila jeki ile nikaitoa pande zote. Nikachukua tundu mbili za waya wa netiweki kutoka kwenye router mbovu kwa yule yule kijana, 3,000, zile kila mguu unakutana na mguu wake tu na waya unajifunga klik, mtoto hawezi kuuvuta ukatoka. Ukiunga yako anza na hizo moja kwa moja. Na usichomeke USB pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Programu ya ndani inaitwa QMK, ni ya bure. Kuiweka ni rahisi kuliko kuflashi simu, unashikilia kibatani cha BOOTSEL kwenye Pico unachomeka USB, inajitokeza kwenye kompyuta kama flashi, unaburuta faili lako unaliachia humo basi. Kupanga herufi ndio kulikonipa raha kuliko vyote. A kwenye dole gumba la kushoto, batani ya nafasi (Space) kwenye la kulia, Shift kwenye gumba pia.

ng' ilinisumbua. Kila siku naandika ng'ombe, kung'oa, ng'ambo, na ile alama ya juu iko mbali. QMK inaruhusu ubonyeze batani mbili kwa pamoja zitoe kitu cha tatu, nikasema N na G pamoja zitoe ng'. Wazo zuri mpaka nilipoanza kuchapa kwa kasi. Kiswahili kimejaa ng ya kawaida, nguo, wangu, jengo, na vidole vyangu viko mikono tofauti vinafika karibu wakati mmoja, kwahiyo nikapata wang'u, jeng'o, ng'uo, barua nzima imejaa vipele. Nikaifuta, nikaamua ng' ipate batani yake, pale pale palipokuwa na A, maana haiji mara nyingi kidole kidogo kitaimudu. Lakini kidole kilishazoea miaka, nikitaka kuandika baba inatoka bng'bng'. Hapo ndio nikafanya jambo ambalo nadhani lilinifundisha haraka kuliko mazoezi yote, ile batani niliiua mwezi mzima, ukiibonyeza haitoi chochote, kidole kikabonyeza kikapata kimya mpaka kikachoka kwenda. Mwezi uliofuata nikairudisha na ng' yake. Q na X nimezipeleka ndani, unashikilia gumba ndio zinatoka, nazihitaji kwa kazi za Kiingereza tu.

Wiki 2 za kwanza nilikuwa nachapa kama mtu anayeanza, dukani nilibaki na kibodi ya zamani, hii nilikuwa natumia usiku tu. Wiki ya 5 ikahamia dukani. Kasi imerudi ile ile ya zamani, haijaongezeka. Kidole hakiwaki tena. Kiganja cha kulia bado kinauma siku za kazi nyingi, ila naamka asubuhi naweza kushika kikombe cha chai kwa mkono mmoja, mwaka juzi nilikuwa nashika kwa miwili.

Jumla ilikuwa 130,000, ukijumlisha dayodi pakiti ya 100 kwa 8,000, rezista na transista 5,000, nauli ya mzigo 5,000. Solda na multimita nimeazima.

Juzi alikuja mwalimu mstaafu anayeandika historia ya ukoo wao, akaona nusu mbili zimeachana mezani akauliza mwanangu imevunjika? Nikamwambia shikamoo mwalimu, ndivyo ilivyo. Akaweka mikono yake juu, akatulia, akasema hapa hata mimi mabega yamepumua. Mikono yake mifupi kuliko yangu na dole gumba la kulia halikunji vizuri, kwahiyo nafasi nimempangia kushoto. Kwenye ile kibodi ya gemu zilibaki swichi nzima 36, nikimtengenezea ya batani 42 zinapungua 6. Yule kijana fundi simu ameniambia kuna nyingine imemwagiwa soda, nampitia kesho asubuhi kabla sijafungua duka.